Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Chakula Sahili cha Shughuli za Ukoo huko Marafa

Makala haya yananuia kueleza namna familia ya pwani ya Kenya, hususan ya Marafa na vijiji vinavyoizunguka katika eneo la Magarini, inavyoweza kuwalisha jamaa wengi kwa siku moja chakula cha kawaida cha nyumbani kisichomdhuru mlaji wala kumfilisi mwenyeji. Yamkini msomaji wa jarida la Kiswahili atajiuliza mapishi yanatuhusu nini sisi wa lugha na fasihi. Jibu letu ni kwamba sehemu kubwa ya maarifa ya upishi wa pwani imo katika msamiati, na msamiati huo unatutoka hata kabla ya vyungu kuvunjika. Fauka ya hayo, tunashikilia kwamba kinachokifukuza chakula sahili kwenye shughuli si ladha wala uhaba, bali ni suala la heshima.

Tuanze na mahali penyewe. Anayetoka Malindi kwenda Marafa hana budi kuvuka daraja la Mto Sabaki, mto ambao wanaisimu wamelipa jina lake kundi zima la lugha: Kiswahili, lugha za Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilieleza kundi hilo kwa mapana katika kitabu chao cha mwaka wa 1993. Undugu huo hauishii kwenye vitabu, bali huonekana sahanini. Mgiriama akisema wari, anakusudia sima. Mswahili akisema wali, anakusudia mchele uliopikwa. Neno ni moja, shina lake ni moja, lakini kila jamii imelikabidhi kile chakula inachokiona kuwa ndicho chakula hasa. Vivyo hivyo, mboga chungu ya porini ambayo Wagiriama huiita mutsunga ndiyo mchunga wa Waswahili, kwa kanuni ileile inayofanya matso yawe macho na mtsanga uwe mchanga. Mwanafunzi aliyeketi darasani akikariri mabadiliko ya sauti angeyaelewa upesi zaidi kama angepelekwa sokoni Marafa asubuhi moja.

Marafa yenyewe inajulikana mbali kwa lile korongo lenye kuta nyekundu, nyeupe na za rangi ya chungwa ambalo wenyeji huliita Nyari, na ambalo wageni kutoka ng'ambo wamelibandika jina la Jiko la Jehanamu. Masimulizi ya wenyeji juu ya asili yake yanahusu chakula. Inasimuliwa kwamba paliishi hapo watu matajiri wa ng'ombe, waliokuwa na maziwa mengi hata wakawa wanayaoga ilhali majirani zao wana shida. Mungu akaghadhibika, ardhi ikadidimia pamoja nao, na rangi nyeupe ya kuta ikabaki kuwa maziwa yao na nyekundu kuwa damu yao. Mtaalamu wa miamba ataeleza habari za mchanga na mmomonyoko wa mvua, nasi hatubishani naye. Linalotuvutia ni kwamba masimulizi hayo hayaulaani utajiri wenyewe, bali matumizi ya chakula kuwa pambo la kujionyesha.

Hata hivyo, si haki kumcheka mwenyeji anayetaka wageni wake waone mafuta yakielea juu ya mchuzi. Nchi hii inaijua njaa. Mwaka wa 1914, baada ya upinzani uliohusishwa na Mekatilili wa Menza, Waingereza waliwafukuza Wagiriama kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, ambako walikuwa na mashamba yao mazuri ya nafaka. Baadaye walirejea, lakini mashamba yaliyoachwa na ghala zilizoteketezwa hazikusahaulika. Karibu zaidi na sisi, ukame uliodumu kati ya mwaka wa 2020 na 2022, mvua zikikosa msimu baada ya msimu, uliiumiza Kilifi pamoja na kaunti nyingine nyingi za maeneo makavu. Mahali palipo na kumbukumbu za namna hiyo, kumshibisha mgeni ni tamko. Mwenye shughuli anasema: sisi tungali wazima, ukoo wetu haujaanguka. Ndiyo maana neno chukuchuku, ambalo kwa asili lina maana tu ya kitoweo kilichopikwa bila nazi wala viungo, limegeuka kuwa la kusimangia watu. Kusema kwamba fulani aliwalisha watu chukuchuku ni kumvua nguo mbele za watu.

Basi mwenyeji hukimbilia pilau yenye mafuta mengi, chapati, nyama ya kukaanga na kreti za soda. Shughuli ikiwa ni harusi au ya kumkaribisha kijana aliyefuzu, gharama huwa na kikomo. Ikiwa ni matanga, ambayo Wagiriama huyaita hanga, watu huja kwa siku kadhaa na chakula hakina budi kuendelea. David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka wa 1972 kuhusu Wagiriama wa upande wa Kaloleni, alionyesha jinsi gharama za mazishi na mahari zilivyowasukuma baadhi ya watu kuuza minazi na ardhi kwa majirani wenye uwezo. Methali yetu inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji anayeamka siku ya tatu akihesabu madeni ya duka la mchele na la soda hajapona.

Wala mgeni mwenyewe haponi. Katika kila ukoo leo mna mzee, tsawe au hawe kama wasemavyo Wagiriama, aliyeambiwa na daktari ajihadhari na sukari au chumvi. Mzee huyo ndiye anayeketishwa pahali pa mbele na kuandaliwa kwanza, na hawezi kukataa kwa kuwa kukataa chakula cha shughuli ni kuwaaibisha wanawe. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati yote ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ni bora zaidi isizidi gramu 25. Chupa moja imekwisha kuvuka kiwango hicho bora kabla hajaigusa chai. Kuhusu chumvi, shirika hilohilo linataja chini ya gramu 5 kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika vile vipande vya viungo vya dukani vinavyovunjwa chunguni kwa ukarimu. Heshima tunayompa mzee wetu kwa hiyo inamdhuru, naye hupokea kwa tabasamu.

Sasa tuingie jikoni. Hebu msomaji atazame vitenzi vyetu vya upishi. Tuna kutokosa, ambako ni kuchemsha kitu kizima kama muhogo, ndizi au viazi kwa maji na chumvi kidogo. Tuna kubanika, kwa samaki au nyama inayowekwa karibu na makaa. Tuna kuvumbika, kwa kitu kinachofukiwa ndani ya jivu la moto. Kuna kupalia, pale makaa yanapowekwa juu ya kifuniko ili chakula kiive kwa joto la juu na la chini bila kuongezewa maji wala mafuta. Kuna kuchemsha, kuchoma, kuoka, kusonga na kuponda. Katika orodha hiyo ndefu, ni kukaanga peke yake kunakodai mafuta mengi. Lugha yenyewe inatueleza kwamba mapishi ya pwani hayakujengwa juu ya karai la mafuta. Ajabu ni kwamba vijana wengi, hata wa vyuo vikuu, wamebakiwa na kuchemsha na kukaanga tu, na hata hivyo viwili huvisema kwa Kiingereza kilichovishwa kiambishi. Aliyepoteza neno kubanika hatamwambia mpishi ambanikie samaki, atakaangiwa.

Kitu kinachostahili maelezo marefu zaidi ni nazi, maana ndiyo inayokipa chakula sahili cheo chake. Nazi hukunwa kwa mbuzi, chicha zikatiwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa katika kifumbu. Mkamuo wa kwanza, wenye maji kidogo, hutoa tui zito ambalo baadhi ya Waswahili huliita tui bubu na wengine kasimile. Mkamuo wa pili na wa tatu hutoa tui jepesi. Mpishi hodari hupika mboga au kunde katika tui jepesi mpaka ziive, kisha tui zito hutiwa mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa, huku akikoroga polepole ili tui lisikatike. Mpangilio huo una faida mbili. Kwanza, ladha ya tui zito hubaki juu kabisa, mlaji akaihisi kwenye tonge la kwanza, na kwa hiyo kiasi kidogo hutosha. Pili, hapahitajiki mafuta mengine. Hapa pana jambo lisilofaa kufichwa: mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni ya aina inayoganda, ambayo madaktari hawapendi yazidi, na anayesema nazi ni dawa ya moyo anauza nazi. Kinachotakiwa ni kipimo. Nazi nane kwa walaji hamsini, zikikamuliwa mara tatu kwa makini, hutoa kitoweo kinachonukia na kukolea. Kuongeza nazi nyingine nane pamoja na lita mbili za mafuta ya kupikia ni kule kuoga maziwa tulikokutaja.

Mboga za majani ndizo hazina ya Marafa, hususan mvua za masika zinaponyesha. Mutsunga huota wenyewe mashambani. Majani ya kunde huchumwa kabla kunde hazijazaa. Kuna mchicha, matembele, kisamvu na mnavu. Wapishi wa Kigiriama hawapendi kupika mboga ya aina moja. Huchanganya iliyo chungu na iliyo laini, mutsunga kwa majani ya kunde au mchicha, ili uchungu ubaki kama kumbukumbu tu. Ufundi huu una manufaa kuliko ule wa kuchemsha mutsunga na kuyamwaga maji mara mbili, kwa sababu vitamini nyingi za mboga huyeyuka katika maji na kumwagwa pamoja nayo. Kisamvu ni cha kutwangwa na kupikwa kwa muda mrefu, wala hakina njia ya mkato. Na muhogo mchungu sharti umenywe, ulowekwe na kuchemshwa barabara, maana sumu yake si hadithi. Mboga nyingine zisikae motoni mpaka zikawa nyeusi. Mahali pa chumvi nyingi patumike ndimu, ukwaju au embe bichi lililokatwakatwa. Uchachu huo huamsha ladha, na tena vitamini C iliyomo husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyo katika mboga na kunde. Kwa sababu iyo hiyo chai ya rangi ingojee kidogo baada ya mlo, kwani huyazuia madini hayo.

Kwa kitoweo cha kushibisha, kunde na pojo zimedharauliwa bila kosa lolote. Kunde zilizolowekwa usiku kucha huiva upesi na kuokoa kuni. Nyama haina haja ya kufukuzwa. Inahitaji kushushwa daraja kutoka ufalme hadi uwaziri. Kuku wachache wa kienyeji waliobanikwa, kisha wakachambuliwa na kutiwa katika kunde za nazi, huipa sufuria nzima harufu ya sherehe. Ng'onda naye anafaa, ila alowekwe na maji yamwagwe, kwa kuwa amekwisha kubeba chumvi ya sufuria nzima. Sima iwe ya unga usiokobolewa, au mahindi yachanganywe na mtama, ambao ulijulikana hapa kabla ya mahindi na hustahimili ukame kuliko mahindi.

Kwa makisio ya watu hamsini, tunapendekeza unga kilo 10, kunde kavu kilo 4, mboga mbichi zilizochambuliwa kilo 10, kuku sita, nazi nane, ndimu ishirini, na vitunguu na nyanya kwa kadiri ya msimu. Chumvi ipimwe mapema na kuwekwa kando: gramu 100, yaani kama vijiko 20 vya chai, kwa sufuria zote. Mpishi mmoja apewe dhamana hiyo. Katika shughuli kila shangazi anayepita hufunua chungu na kuongeza chumvi kwa nia njema, na nia njema tano zikikutana chungu huharibika.

Vinywaji havina utata. Maji ya kunywa yaliyochemshwa au kutiwa dawa, madafu ikiwa wapo wakwezi, na maji ya ukwaju au ya mabuyu yenye sukari kidogo. Msimu wa maembe ukiwadia, ngowe, dodo na boribo hutosha kuwa tamutamu, ingawa mwenye kisukari atakula vipande na si maembe mawili. (Tungependa kuongeza kwa sauti ya chini kwamba hata makongamano yetu ya Kiswahili, tunapokutana kujadili utamaduni wetu, hunyweshwa soda na mandazi.)

Tumesema kwamba kizuizi ni heshima. Basi heshima ile ile itumiwe kukirejesha chakula hiki. Anayejua shughuli za pwani atakubali kwamba watu hawapimi chakula kwa kukionja tu. Hutazama kimeletwa na nani, kimefunikwa kwa nini, na nani amepakuliwa kwanza. Mboga ya mutsunga ikiletwa mwisho, katika sufuria yenye masizi, baada ya pilau kwisha, imekwisha kutangazwa kuwa chakula cha waliochelewa. Ikiletwa mwanzo, katika bakuli safi lililofunikwa kawa, na mama mwenye nyumba mwenyewe akawapakulia wazee na kuketi kula nao, hakuna atakayethubutu kunong'ona kwamba tumelishwa majani. Linalosaidia vilevile ni kukiita chakula kwa jina lake. Mwenyeji asiseme kwa unyonge, "Samahanini, ni vijimboga tu". Aseme leo tuna mutsunga wa nazi na kunde za kuku. Aidha, si lazima mapinduzi yafanywe kwa siku moja. Pilau ibaki, sufuria yake ipunguzwe, na sahani ijazwe mboga nusu kabla ya kitu kingine.

Mwito wa namna hii hautoki Marafa peke yake. Mnamo mwaka wa 1999 Patrick Maundu na wenzake wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walichapisha kitabu kinachoorodhesha mimea ya vyakula vya asili nchini pamoja na majina yake katika lugha za wenyeji. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2021, UNESCO iliitia katika rejista yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi kazi iliyofanywa nchini Kenya ya kuvikuza na kuvilinda vyakula vya kiasili. Mboga zilizoonwa za kimaskini sasa huuzwa hata katika maduka makubwa ya mijini, zikiwa zimefungwa vizuri na kupandishwa bei.

Limebaki jambo moja la usalama, ambalo katika shughuli husahaulika kwa kuwa wapishi wamechoka. Chakula cha nazi huchacha upesi kuliko kingine chochote. Kilichopikwa asubuhi kisingoje jioni juani. Kipikwe kwa awamu, kila sufuria ikiepuliwa karibu na saa ya kupakuliwa, na tui zito litiwe katika sufuria inayoliwa wakati huo tu. Kisichotiwa tui huweza kuhifadhiwa kikiwa cha moto hadi kundi la pili la wageni lifike kutoka Malindi au Mombasa. Birika la maji ya kunawa na sabuni liwekwe penye njia ya kuingilia, wala si nyuma ya nyumba. Mabaki yenye nazi yagawiwe majirani jioni ileile, yangali moto. Kunde chukuchuku zilizosalia hupashwa moto asubuhi, zikachemka barabara, zikaliwa kwa muhogo wa kutokosa na wale waliolala.